Folda ya Mahubiri

Kwa mara ya tatu kompyuta ilikataa kusakinisha programu ya kupigia simu za video. Nafasi haitoshi, ilisema. Shemasi Zefania akajikuna kisogo. Mama mkwe wake, mwenye hamu ya kumwona mjukuu aliyezaliwa ng'ambo, alisogeza kiti.

"Kilichojaza humu ni nini, baba?"

"Mahubiri, mama."

Folda iliitwa hivyo kweli, ila ndani zilijaa filamu za ngumi, zile zile alizowakataza wanawe kutazama.

"Nitayafuta tu."

"Ufute neno la Mungu kwa ajili yangu? Hebu fungulia moja kwanza, tubarikiwe."

Zefania alishika kipanya, masikio yakiwaka moto. Mama mkwe alijitanda khanga kichwani, akafumba macho, akangoja.