Foleni ya Mkate

"Haya, vamieni duka!" mwongozaji alipaza sauti kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne wakazi mia wa mji mmoja wa Yorkshire, Uingereza, wakapanga foleni.

Muriel, mtayarishaji wa filamu, alijishika kichwa. Walitakiwa kuigiza watu wenye njaa wakigombania mkate. Mtaa huo timu ya filamu iliuazima mpaka saa kumi, na sasa ilikuwa kumi kasorobo.

"Jamani, sukumaneni!" Muriel akawasihi.

"Tunasukumanaje, mama?" aliuliza mzee mmoja mwenye kofia. "Huyu dada kanitangulia."

"Pita tu, babu," dada akasema.

"Aa, wewe kwanza."

Kwa miaka arobaini Muriel alikuwa ametengeneza filamu bila hata kidole chake kuonekana ndani yake. Alivua saa, akaazima shali kuukuu la mwigizaji, akajitanda kichwani. Kupitia kioo cha duka alimwambia mpiga picha aliyekuwa ndani, "Ukizima kamera, huna kazi."

Kisha akatembea taratibu kando ya foleni nzima, akawapita wote mia, akasimama mlangoni bila kumtazama mtu.

Vichwa mia vikamgeukia.

"We bibi!" mzee wa kofia akafoka. "Filamu ni yako, foleni si yako!"

"Hana haya!" dada akapiga kelele, akarusha kikapu.

Wakamjia wote kwa pamoja. Muriel akabanwa kwenye kioo, pua imebonyea kama andazi, shali limemtoka, na kwa pumzi iliyobaki akawachochea:

"Nimefika kabla yenu!"