Kiti cha Nyuma

Msafara wa pikipiki tisa ulisimama kunywa chai katika mji wa mwisho wa milimani, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda pwani. Waendeshaji wengine walivua helmeti, wakawa wanapiga picha na kutaniana. Mzee Shekiondo, kiongozi wao kwa miaka kumi na tisa, hakukaa. Aliizunguka pikipiki yake, akagusa tairi, akafuta kioo, akaanza kuizunguka tena.

Binti yake Nakijwa, ambaye alikuwa amepanda nyuma yake tangu asubuhi, alimfuata na kikombe cha chai.

"Baba, kwenye ile kona ya msituni ulihamia upande wa lori. Hukuliona?"

"Kulikuwa na ukungu."

"Ukungu ulikuwa umeshaisha, baba."

Tangu masika Mzee alikuwa akiendesha kwa mazoea, kona akizikumbuka zaidi ya kuziona.

"Umewaambia wenzetu?"

"Bado."

Injini zikaanza kunguruma. "Mzee, tangulia basi!" mmoja akapaza sauti.

Mzee alitoa ufunguo mfukoni, akaufumbata kidogo, kisha akauweka kiganjani mwa binti yake.

"Usiwakimbie. Wa mwisho lazima aione taa yako."

Akapanda nyuma. Nakijwa akatangulia, na pikipiki nane zikafuata bila mtu kuuliza neno. Mzee hakujua mikono yake aiweke wapi. Walipoifikia kona ya kwanza, mabega yake yalilala upande kabla ya mabega ya binti yake, na mguu wake wa kulia ukakanyaga hewa, ukitafuta breki.