Dirisha la Jumapili

Tangu alfajiri Annuarite alikuwa ameketi chini ya bomba, mgongo umeziba koki, na ndoo tupu za watu zimejipanga mbele yake hadi barabarani.

"Toka hapo, mama!" alifoka Zihindula, mwenyekiti wa kamati ya maji. "Batoto bako na kiu!"

"Sifungui mpaka kesi iishe. Nikifungua, kesho utasema nimeharibu ushahidi."

Kesi ilikuwa hii. Tangi lilijazwa Jumamosi jioni. Jumapili bomba hufungwa, na mtaa mzima huwa kanisani. Jumatatu hii Zihindula aligonga tangi kwa jiwe, likalia tupu hadi katikati. Na mtunza bomba ni mmoja tu: bibi huyu kutoka Fizi, ambaye jana kanisani hakuonekana.

"Mgongo uliniuma," alisema.

"Ufunguo wa bomba ulimwazima nani?"

"Huu?" Akaivuta kamba kutoka kifuani. "Haujatoka shingoni mwangu hata siku moja. Hata nikioga."

"Basi mwizi njo we mwenyewe! Leo tunakutoa hapa bombani, na kambi yote ya Dzaleka itajua."

Miaka tisa bomba hilo ndilo lililomfanya aitwe Koko, bibi wa wote, na kila mtu. Bila ufunguo angekuwa kikongwe kama vikongwe wengine, wa kupishwa njia na kusahaulika.

"Iulizeni mashine," alisema.

Mashine ni kisanduku kilichofungwa juu ya koki na Merveille, binti wa kambini anayefanya kazi za kompyuta Lilongwe. Kilihesabu ndoo za kila saa na kuziandika kwenye kioo. Siku ya kukifunga, Annuarite alimganda Merveille kwa maswali mpaka akaelezwa yote. Kila saa ni kama dirisha, Merveille alisema. Maji hulifungua, na maji ya saa nyingine hulifunga. Likishafungwa ndipo hesabu yake inaandikwa. "Maji yakinyamaza, Koko, mashine nayo inangoja tu."

Annuarite alicheka sana, akawatega wajukuu kitendawili: dirisha langu halifungwi na aliyelifungua, hufungwa na ajaye nyuma yake. Hakuna aliyetegua.

Zihindula aliinama kwenye kioo. "Jumamosi, saa kumi mpaka saa kumi na moja, ndoo kumi na nane. Jumapili..." Akasugua kioo kwa kidole gumba.

"Soma kwa nguvu, papa!" alipaza sauti Régine, jirani yake Annuarite.

"Hakuna kitu."

Wanawake wakamgeukia kama nyuki.

"Muongo! Unamsingizia mama mzima!"

"Na matofali yako ulifyatua na maji gani?"

"Mi sisemi kitu," alisema Annuarite. "Kuna mwenye matofali mwezi wa kumi, kuna aliyemwagilia mistari minne ya nyanya. Mungu anaona."

Zihindula alitema mate pembeni. "Haka kasanduku ni ka bure. Nakang'oa, karudi Lilongwe leo hii."

"Ng'oa, baba," Annuarite alidakia. "Ng'oa sasa hivi, nakushikia."

"Hapana!" Régine alimzuia kwa mkono. "Mbele aombe musamaha. Apige magoti, amunawishe Koko mikono, batu bote baone."

"Achana naye, binti yangu. Mikono yangu ni safi."

"Ndiyo maana akunawishe yeye, Koko. We leo pumzika."

Beseni lilikwisha kuletwa. Zihindula alipiga magoti huku ameuma meno. Annuarite aliinuka kumzuia, mgongo wake ukaiacha koki. Régine, kwa upole wa mtoto kwa mamake, akamvua kamba shingoni na kufungua.

Maji yakapiga beseni. Kisanduku kikalia mara moja.

Zihindula akainua macho, akasoma kwa nguvu, kama alivyoamriwa:

"Jumapili. Saa nne mpaka saa tano. Ndoo sitini na tatu."

Mkononi mwa Régine, kamba ya ufunguo ilikuwa bado na joto la shingo.