Kiti Ndani ya CD

Maneno yalishuka na abiria wa treni ya Lubumbashi, na Kamina nzima ikayapokea: eti kwenye ndoa ya Chloé, mama mwingine alikaa kwenye kiti cha mama wa bibi arusi.

Hakuna aliyemjua huyo mama. Kila mtu alisikia kwa mwenzake. Lakini Mauwa, aliyemzaa Chloé, alikuwa anamwona waziwazi kila alipogeuza samaki wake wa kuuza uani: mwanamke mnene, wigi mpya, mkoba juu ya magoti, amekaa bila wasiwasi.

Mauwa mwenyewe alikosa ndoa kwa sababu ya treni. Alishinda kituoni na mizigo yake, pagne yake mpya ya kitenge ndani ya plastiki ili isishike harufu ya samaki, mpaka wakatangaza kwamba mvua imebomoa njia mbele ya Bukama. Ndoa ikapita angali amekalia mizigo.

"Haina neno, mama," Chloé alimwambia kwa simu. "Nitakutumia picha." Alisema haraka, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Picha zilifika kwa mkono wa Nicodème, kondakta wa treni, anayebebea watu wa reli vifurushi vyao. CD moja tu, iliyotengenezwa nyumbani kwenye kompyuta ya mume wa Chloé.

Haikusoma.

Kwenye mashine ya Francine, jirani yake, ilizunguka, ikalia kri-kri, ikanyamaza.

"Weye Mama Chloé, unaishika na mikono ya samaki!" Francine alisema. Akaipaka dawa ya meno, akaisugua kwa kuzungusha, kama anayesugua sufuria. "Sasa itaona."

Haikuona.

"Pengine ule mama ya kiti yako njo ameikalia," Francine akasema, akacheka peke yake.

Mauwa alirudi nayo nyumbani. Tangu mume wake azikwe, nyumba ilikuwa na sahani moja mezani na kitanda kimoja kinachotandikwa bila mtu wa kukilalia, kitanda cha Chloé. Jioni aliigeuza CD mkononi. Hakuna ndoa. Uso wake tu, na tundu katikati.

Akapiga simu.

"Chloé, CD haifunguke. Nitaipeleka kwa Gaston wa mapicha."

Chloé akadakia: "Mama, ile itupe. Nitakutumia ingine."

Ingine haikufika. Mauwa akaacha kula vizuri. Hakutaka keki wala gauni. Alitaka kujua kitu kimoja: nani alikaa pale.

Gaston alikuwa na kompyuta na chumba cha kupigia picha karibu na soko. Mauwa alipokwenda, Francine alimfuata. Jambo kama hilo asingekubali limpite. Gaston aliiosha CD kwa maji, akaipangusa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje.

"Kuzungusha hapana, mama. Kuzungusha njo kunaiua."

Francine akaangalia dari.

Gaston aliiweka, akangoja, akakunja uso. "Hii CD bameijaza mara mbili. Kwanza baliweka picha yote. Nyuma bakafuta, bakaweka kidogo tu. Hii kidogo njo imeharibika. Ya kwanza iko muzima."

"Si unasema balifuta?"

"CD ya namna hii haifutikake, mama. Inafichaka tu."

"Basi nitafutie kiti," Mauwa alisema. "Bibi arusi minyi namujua, nilimuzaa. Nionyeshe kiti ya mama."

Picha zikaanza kutoka, moja nyuma ya nyingine. Kwaya. Keki. Viatu vya mtu. Gaston alipita, alipita, akasimama.

Maharusi walikuwa katikati. Upande wa bwana, mama yake alikuwa amekaa, kitambaa kikubwa kichwani. Upande wa Chloé kulikuwa na kiti kizuri cha kitambaa chekundu, na juu yake hapakuwa na mwanamke yeyote.

Palikuwa na picha ndani ya kadre, fremu ya kioo, maua yameizunguka. Picha ya Mauwa mwenyewe, ile ya siku Chloé alipopata diploma, anacheka mpaka macho yamefumba.

Francine alipiga vigelegele hadi watu wa sokoni wakachungulia. "Yeee, Mama Chloé! Hata hauko, uko! Bantu ya midomo bakufe na haya!"

"Weye njo ulikuwa wa kwanza kuniletea ile maneno," Mauwa akamjibu, huku machozi yanamshuka na anacheka. "Mutoto yangu alinilindia kiti." Mwanamke mwenye wigi akaondoka uani kwake, na mkoba wake, moja kwa moja.

"Papa Gaston, ikubwishe. Niione muzuri."

Gaston alishika kipanya, akakivuta kidogo, akakiacha.

"Inatosha hivi, mama."

"Nimesema ikubwishe."

Basi, nyie wamama wenye watoto mbali, CD ya ndoa ikiwafikia:

Msiishike kwa vidole vyenye mafuta.

Msiisugue kwa dawa ya meno.

Msiiache juani, wala juu ya redio yenye moto.

Msiende kuifungua pamoja na jirani.

Mtoto akisema itupwe, msimbishie.

Na ikifunguka, msiombe picha ikubwishwe. Ikiwa ndogo, kitambaa cheusi cha matanga kwenye kona ya kadre, kile cha picha ya marehemu, hakionekani.