Ushahidi wa Ukuta

Siku hizi fundi hapewi kazi mpaka uulizwe ukuta aliowahi kuujenga. Watu hawaulizwi tena, maana wana upendeleo. Bi Kibibi alipotaka kujengewa jiko, aliuuliza ukuta wa jirani yake Mwanakheri habari za fundi Shemahonge.

"Aliniacha nusu, siku tatu nzima," ukuta ukasema.

"Basi baba, haitawezekana," Bi Kibibi akamwambia fundi, akijua kwamba akikataliwa hapo hapati kazi tena mjini.

Shemahonge alimsogezea Bi Kibibi kigoda kivulini, pale uani kwake, akaaga.

Mwanakheri aliposikia alishika kichwa. "Shoga, siku hizo alikuwa hospitali akiniuguzia mume wangu!"

Bi Kibibi akaurudia ukuta. "Mbona hukuniambia?"

"Mimi nilimwona akitoka tu."

Bi Kibibi alipofika nyumbani kwake, jua lilikuwa limekifikia kigoda alichosogezewa na fundi. Akakikalia palepale, hakukisogeza.