Chini ya Sakafu Hakuna Mtu

"Kwa mamlaka tuliyopewa na Jamhuri, na baada ya uchunguzi wa kina, tunatangaza kwamba chini ya sakafu ya shule hii hakuna mtu."

Prefe Tshibangu, mkuu wa shule, aliyasoma maneno hayo mazito akiwa mlangoni, mguu mmoja ndani ya chumba cha kulia, mwingine nje, tayari kwa safari.

Wasichana mia moja na ishirini wa bweni walimsikiliza mbele ya sahani zao za mchana. Mwadi, wa mwaka wa tano, alikuwa ameivuta miguu yake nyuma, chini ya benchi.

Kuogopa hakukuwa aibu. Hapa Kolwezi makrezeri, wachimbaji wadogo, huchimba kobalti hadi chini ya vitanda vya jirani. Mwaka jana, kule Musonoi, jiko la shangazi yake Kapinga lilizama na sufuria zake zote, bukari, ugali wa huku, ikiwa bado motoni. Kwa hiyo ilipoanza kusikika saa ya kujisomea, du, du, du, sauti nzito iliyofifia, kana kwamba mtu anapiga mwamba mbali huko chini, bweni zima lilianza kulala na viatu. Wadogo wa mwaka wa kwanza walilia. Kwa muda wa wiki mbili, mtihani wa hesabu uliahirishwa mara tatu.

Ndipo akaitwa Injinia Nkongolo kutoka mgodini. Alilaza sikio sakafuni alasiri tatu mfululizo, akasikia tumbo lake tu. Akaomba kalenda ya mitihani, akaisoma, akajifuta vumbi shavuni.

"Krezeri gani huyu," aliuliza, "anachimba tu siku moja kabla ya hesabu? Tata Prefe, iko nyundo humu ndani. Muitafute."

Masanduku yote yalipekuliwa. Zilipatikana simu nne, samaki wakavu wengi na barua moja ya mapenzi kwa mwalimu wa jiografia. Nyundo haikuonekana. Prefe aliapa kwamba mwenye nyundo atafukuzwa siku hiyohiyo, godoro kichwani, mchana kweupe. Mwadi alimfikiria mama yake huko Fungurume, aliyekwisha kuwatangazia wauzaji wote wa soko kwamba anasomesha injinia.

Sanduku la Mwadi lilifunguliwa kwa heshima tu. Masere Godelieve, mtawa aliyewafundisha kemia, alikuwa akimzungusha darasa kwa darasa kama masalia ya mtakatifu. Mwadi alikuwa amechanganya mpira mbichi wa miti, ulioletwa na mjomba wake kutoka Kasai, na plastiki ya viti vilivyovunjika, akavikanda pamoja motoni.

"Tairi likishapikwa halirudi nyuma," Masere aliwaeleza. "Lakini hii, mukiipasha moto tena inalainika, munaifinyanga upya. Ikipoa, inanepa kama mpira."

Ilianza kama donge la ukubwa wa ngumi. Wiki hii ilikuwa soli za sandali. Mwadi alizivaa kila siku, na Prefe mwenyewe alizipigia makofi.

Sasa Prefe aligeuza ukurasa wa tangazo lake. "Kuhusu yule mwenye nyundo," alianza.

Du. Du. Du.

Maji yalichora duara katika kikombe cha Mwadi.

Wadogo waliruka kutoka kwenye mabenchi. Gloire, jirani yake Mwadi, aliwatuliza huku mdomo umejaa. "Mukae. Ni ule mutu wa nyundo, anasumbua tu."

Mmoja akacheka, wa pili akafuata, mwishowe chumba kizima kikacheka, kicheko cha watu waliokosa usingizi kwa wiki mbili. Prefe naye alitabasamu. Aliuingiza ndani ule mguu wa pili, akafunga mlango nyuma yake.

"Hakuna mutu wa kutoka," alisema. "Apige mpaka achoke."

Du.

Mwadi aliwatazama wote, meza kwa meza. Hakuna aliyekosekana. Kisha akaona ufa mwembamba kama uzi ukitembea polepole kwenye saruji, ukielekea meza ya wadogo.

Alisimama. Akavua sandali zote mbili, akapita peku katikati ya kicheko hadi kwa Prefe, akaziweka juu ya lile tangazo, soli zikitazama juu.

"Tata Prefe, nyundo ni hii," alisema. "Niliiyeyusha kabla mutupekue. Ile makelele ya wiki mbili, yote ilikuwa mi. Ya leo haiko mi. Fungua mulango."