Mlango wa Nyuma

"Moto ukizuka, acheni vyerehani, mtoke kwa mlango wa nyuma," mkufunzi wa usalama alisema. "Kuna swali?"

Washonaji wote wakajitia hamnazo. Nyuma ya marobota ya vitambaa, mlango ule ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa msimamizi, aliyeogopa wezi.

Fundi wa vifungo ndiye aliyekaa karibu na mlango huo. Msimamizi, shemeji yake aliyemtafutia kazi, akamkazia macho.

Karatasi ikamfikia: "Nimefunzwa, nimeelewa." Wenzake hamsini walishatia sahihi. Akashika kalamu. Kidole gumba, chenye sugu ya sindano, kikagoma.

"Dada, umeelewa?" mkufunzi akauliza.

"Nimeelewa," akasema, akaweka kalamu chini, akaanza kuvuta robota la kwanza.